Samli Kabla ya Siku Yake

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Unyambwa alichinja dume la ng'ombe kwa harusi ya binti yake, na ngozi akaiwamba nyuma ya nyumba, upande wa dirisha langu. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili alikuja kijana wake na kibakuli cha samli, akaanza kuisugua, na ile harufu ya ngozi mbichi na samli ikaingia mpaka chumbani kwangu. Nilitoka nikamgombeza kama mtu aliyeniibia kuku. Maskini, alisimama na mikono yake inayong'aa mafuta, akasema, "Shikamoo, bibi. Babu anataka ngozi ya kulalia." Nikaitikia marahaba, nikarudi ndani kwa aibu, nikafunga dirisha.

Sikumweleza kitu. Kijana wa leo ukianza kumsimulia habari za zamani anatazama saa. Lakini ninyi wa rika langu, mlioogopa sindano ya mzungu kuliko mlivyomwogopa fisi, nadhani mtanisikiliza mpaka mwisho. Nimekaa na jambo hili tangu nikiwa na meno ya utotoni, na leo nataka kulitoa.

Kazi ya baba yangu kule Kinyangiri ilikuwa ngozi. Alilima uwele na mtama kama kila mtu, na ng'ombe wachache tulikuwa nao, lakini watu walimletea ngozi zao awawambie, kwa sababu ngozi iliyopita mikononi mwake Bwana Mifugo hakuikataa. Enzi hizo za Waingereza, huyo Bwana Mifugo alikuwa akizunguka vijijini akikemea watu waache kuanika ngozi chini kwenye vumbi. Alitaka zifungwe kwenye fremu za miti, kivulini, zivutwe kwa kamba pande zote. Akifika kwetu hakukemea. Alizunguka fremu za baba, akagonga ngozi kwa ukucha, akaandika, akaondoka, na baba alishinda siku nzima akipiga mluzi.

"Ngozi ina ukaidi," baba alikuwa akiniambia. "Ukiiacha ikauke inavyotaka yenyewe, itajikunja. Ikishajikunja, hata uilambe haikunjuki."

Zile za kulalia alizishughulikia kwa namna nyingine. Alizilowanisha kwanza kwa maji, akapaka samli, akasugua kwa viganja mpaka zikawa laini. Mimi ndiye niliyemshikia kibuyu cha samli na kata ya maji. Mtoto wa kike kwenye kazi ya ngozi lilikuwa jambo la kuchekesha watu, lakini mdogo wangu Mkumbo alikuwa bado wa miaka mitano, na baba hakuwa na mwingine. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na nilijiona fundi.

Mama naye alikuwa na nta. Masega yaliyokwisha kukamuliwa asali aliyachemsha kwenye chungu kikubwa uani, akayachuja kwa gunia, nta ikaganda akaiuza kwa wanunuzi waliotoka Singida mjini. Siku moja, chungu kikiwa motoni, aliniambia, "Eliza, mshike mdogo wako mkono, usimwachie." Nikamshika. Kisha nikaona kipande cha sega kimeanguka karibu na mlango, bado kina asali, nikamwachia ili nikiokote. Ni hilo tu. Muda wa kuinama na kuinuka. Mkumbo alikuwa amekwishakimbilia kwa mama, akajikwaa kwenye kuni, chungu kikapinduka.

Maji ya moto humwagika yakapita. Nta haipiti. Iling'ang'ania mkono wake wa kulia, upande wa ndani wa kiwiko, kutoka juu kidogo ya kifundo mpaka karibu na kwapa, na mama alipojaribu kuibandua ilitoka na ngozi. Sitasema zaidi juu ya kile kilio. Hakuna aliyenipiga siku ile, na nilitamani sana wanipige.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyemtibu. Alipaka asali, akabandika manyoya ya sungura juu yake, kama alivyotibiwa yeye na mama yake. Msicheke. Kidonda hakikuoza, na baada ya wiki nyingi kilifunga, na kijiji kizima kikamsifu. Ila katika wiki zote hizo Mkumbo alilala kifuani kwa Bibi, mkono umekunjwa na kufungwa kwa kanga, kwa sababu ukikunjwa ulimuuma kidogo na ukinyooshwa ulimuuma sana. Kila aliyeugusa kutaka kuunyoosha alifukuzwa. "Mwacheni mjukuu wangu," Bibi alisema. "Ameteseka vya kutosha." Na sisi sote tuliona kwamba huo ndio upendo.

Mpaka wakati wa kuvuna uwele, mkono ulikuwa umekunjika wenyewe, hata bila kanga. Vidole viligusa bega. Katikati ya mkono wa juu na wa chini palikuwa na kipande cha ngozi nene, ngumu, inayong'aa, kilichoshika pande zote mbili. Baba alimwita Mkumbo uani, akamkalisha, akakipapasa kile kipande kwa kidole gumba, polepole, kwa namna ninayoijua. Kisha akasema, "Imekaukia kwenye kukunjwa." Akainuka akaenda nyuma ya nyumba, kwenye fremu zake, na chakula chake kikapoa.

Mnajua kwetu mkono wa kushoto haukuingia kwenye chakula cha watu. Mkumbo alipofika umri wa kukaa na wanaume kwenye sahani moja, alikwenda kwa furaha zote, akaketi, akapeleka mkono wa kushoto. Baba mdogo akaupiga kofi. "Mkono gani huo?" Halafu akaona, akanyamaza, na akafanya kile alichodhani ni huruma: akamtengea Mkumbo kibakuli chake, pembeni. Mtoto hakulia. Alikula peke yake akitazama migongo yao. Baba aliiona migongo hiyo, mmojawapo ukiwa wake, na baada ya siku mbili akasema mtoto anakwenda hospitali ya misheni.

"Wazungu watamkata mkono," Bibi alisema.

"Mama," baba alijibu, "mkono wenyewe hatunao."

Tulipanda lori lililokuwa linakwenda Sekenke kwenye machimbo, mama, Mkumbo na mimi, na dereva akatushusha njiani. Baba alibaki amalize ngozi za watu, angetufuata baadaye. Mimi nilichukuliwa ili nipike na kuteka maji, kwa sababu kule hospitali mgonjwa alilala wodini na jamaa zake walijipikia nje, kwenye vibanda. Mama alibeba unga, kunde na kibuyu kidogo cha samli ya kuungia mboga.

Daktari alikuwa mzungu mrefu mwenye sauti ndogo. Kiswahili alikijua kidogo, Kinyiramba hakukijua kabisa, kwa hiyo mambo yote yalipita kwa dresa, mfunga vidonda, kijana mmoja aliyeitwa Yeremia, mtu wa huku huku kwetu, aliyevaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Yeremia alimweleza mama kwa lugha ya nyumbani, nami nikisikia kila neno. Daktari angekata kile kipande kigumu, mkono ungefunguka. Lakini ukifunguka, pale kwenye kiwiko pangebaki uwazi usio na ngozi. Basi angebandua ngozi kwenye paja la Mkumbo mwenyewe, nyembamba kama utando wa juu ya maziwa, aitandaze pale na kuishona. Paja lingeota ngozi nyingine lenyewe. Kisha mkono ungefungwa kwenye kibao, umenyooka.

"Ngozi hii mpya isipokaa imenyooka," Yeremia alisema, "itajikunja kama ya kwanza."

Mama aliitikia tu. Mimi moyo ulinidunda, kwa maana hayo yalikuwa maneno ya baba yangu, yametoka kwenye kinywa cha mtu asiyemjua.

Siku ya upasuaji walimpeleka asubuhi na wakamrudisha jua limepanda, ananuka ile dawa ya usingizi. Nilichungulia. Mkono wake ulikuwa umenyooka! Ulikuwa umelazwa juu ya kibao, umefungwa bendeji tangu begani mpaka vidoleni, na kamba zimeushika kwenye kitanda ili asiukunje. Paja nalo limefungwa. Yeye kimya, macho yamefumba, midomo myeupe. Nilikuwa nimeona vitu vingi vikiwambwa maishani mwangu, na vyote vilikuwa vimekufa. Nilisimama pale nikikitazama kifua chake, nikiogopa hata kupepesa macho, mpaka nikaona shuka linapanda na kushuka.

Hofu ile ilipotoka, fundi aliye ndani yangu akaanza kukagua kazi ya mzungu. Kuwamba amewamba vizuri, hilo nilimpa. Lakini maji yako wapi? Samli iko wapi? Bendeji ilikuwa kavu kabisa, nami nilijua ngozi inayokauka bila kulainishwa hufanya nini. Nikamwambia mama kwamba daktari amesahau kupaka samli.

"Nyamaza," mama alisema. "Mambo ya hospitali waachie wenyewe."

Yeremia alikuwa ametuonya wote: asiguse mtu bendeji mpaka siku ya tano, daktari atakapoifungua mwenyewe. Nilimsikia vizuri. Lakini kila nilipofumba macho usiku kwenye kibanda niliona ile ngozi inajivuta chini ya bendeji, inarudi kukunjika, na Mkumbo anarudi kwenye kibakuli chake cha pembeni. Na mimi ndiye niliyemwachia mkono kwa ajili ya sega. Nilijiambia kwamba Mungu amenifundisha kazi ya ngozi kwa sababu hii hii.

Siku ya tatu mama alikwenda kuokota kuni. Nesi alikuwa upande wa pili wa wodi, amenipa mgongo, anamwosha mama mzee mmoja. Nilichota maji kwenye mtungi kwa kikombe, nikayadondosha juu ya bendeji pale penye kiwiko, kidogo kidogo, mpaka yakaingia. Kisha nikatia vidole kwenye kibuyu cha samli, nikainua ukingo wa bendeji, nikaviingiza chini yake. Palikuwa na joto. Nilisugua kama nilivyofundishwa, taratibu, kwa upande mmoja, machozi yananitoka nikimwomba mdogo wangu msamaha kimoyomoyo. Yeye alikuwa amelala. Ndoo ya nesi ililia sakafuni nikachomoa mkono, nikaufuta kwenye gauni, nikakaa chini nikiimba wimbo wa kanisani. Siku ya nne nikarudia. Nilikuwa nimeridhika na nafsi yangu kuliko siku yoyote tangu chungu kilipopinduka.

Jioni ya siku hiyo ya nne baba alifika, vumbi tupu. Alikaa na Mkumbo mpaka taa zikazimwa, akimsimulia habari za ndama aliyezaliwa.

Asubuhi ya tano daktari alikuja na Yeremia na sinia la makasi. Alikata bendeji ya kwanza akiwa anamtania Mkumbo kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. Alipofika ya chini, utani ukakoma. Harufu ilitoka. Hata mimi niliyekuwa miguuni pa kitanda niliisikia, na haikuwa harufu ya samli peke yake. Daktari aliinama, akainua kitu kwa koleo ndogo, akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Yeremia, na ile sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi. Sikuelewa Kiingereza, ila niliuona uso wa Yeremia. Kitanda hicho kilikuwa chini ya uangalizi wake yeye. Akaanza kujieleza, na daktari akainua mkono kumnyamazisha.

Yeremia akatugeukia sisi. "Nani amegusa? Hii ni samli. Kuna samli na maji humu ndani. Ngozi imeoza. Nani?"

"Haki ya Mungu, mimi sikugusa," mama alisema, na sauti yake ikapasuka. "Kibuyu changu ni cha mboga tu."

Baba alisogea mpaka kitandani. Alitazama ule mkono uliofunguliwa, akavuta pumzi puani, akatazama tena. Hakuna nyumba nyingine hapa duniani, nadhani, ambamo mtu angelowanisha kwanza kisha akapaka. Macho yake yakainuka yakanifikia. Yakashuka mpaka kwenye gauni langu, pale penye doa la mafuta. Nilijua sasa hivi atasema jina langu, na nilijua ni haki.

"Ni mimi," baba alisema.

Mama akafungua kinywa. Baba akamtazama, naye mama akakifunga.

"Nilipofika jana jioni. Niliona imekauka. Mimi ni mtu wa ngozi."

Yeremia akatafsiri. Daktari akasema maneno mengi, na yule kijana, ambaye baba angeweza kumzaa, akalazimika kuyarudia mbele ya wodi nzima, wagonjwa wamejiinua kwenye viwiko kusikiliza. "Daktari anauliza, wewe ni mtu mzima mwenye akili? Anasema kazi ya mikono yake umeiharibu. Anasema mtoto huyu ana mapaja mawili tu." Baba aliyepita mbele ya Bwana Mifugo bila kukemewa alisimama mikono nyuma. "Nimekosa," alisema. Mara tatu, "Nimekosa." Nami nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na nilinyamaza.

Akapigwa marufuku kuingia wodini. Kabla hajatoka, daktari alisema kitu kingine, kwa hasira iliyopungua, na Yeremia akakifikisha: "Anasema mafuta yatatakiwa. Ngozi ikishashika na kupona, isuguliwe kwa mafuta kila siku, ndiyo yanayofanya kovu lisikaze. Lakini sasa haijashika. Sasa ni sumu."

Si ngozi yote iliyoharibika. Kipande kikubwa kiasi cha kiganja changu, pale pale penye mkunjo, ndicho kilichokufa. Kingine kilishika. Daktari alisema pale pataoshwa kwa maji ya chumvi kila siku mpaka pawe pasafi, kisha atachukua ngozi kwenye paja la pili. Na safari hiyo ikishindikana, hatajaribu tena; mkono utajikunja utakavyojikunja.

Siku zile za kuosha sijui nizisimulieje. Kila asubuhi Yeremia alibandua kitambaa, na Mkumbo, aliyekuwa hajalia hata kwa kibakuli cha pembeni, alipiga kelele. Hakumwita mama aliyekuwa amemshika. "Baba! Baba njoo! Baba!" Na baba alikuwepo. Alisimama nje ya dirisha, ameshika nondo kwa mikono miwili, uso ameubana pale. "Nipo, mwanangu. Nipo hapa." Lakini mtoto wa miaka sita hajui marufuku. Aliona baba yake yuko hatua nne na haji. Sentensi moja ya kinywa changu ingemfungulia baba ule mlango. Nililala nayo, nikaamka nayo, na kila asubuhi nikaimeza. Niliogopa. Sina maneno mazuri ya kuweka juu ya hilo.

Mchana mmoja nilimpelekea chakula kwenye vibanda. Aliniambia nikae. Nikasubiri kipigo, nikakitamani.

"Hukukosea kazi," alisema. "Umekosea siku."

Ndipo nililia, mpaka ugali ukawa hauonekani. Aliniacha nilie. Nilipotulia akasema, "Nisikilize. Usimwambie mama yako. Usimwambie Yeremia. Wala Mkumbo, hata akikua."

"Kwa nini, baba?"

"Mtoto akimkasirikia baba yake, baba atavumilia, ndiyo kazi yake. Akikukasirikia wewe itakuwaje? Ninyi mtaishi pamoja miaka ambayo mimi sipo." Kisha akaanza kula, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mara ya pili walipompeleka kwenye chumba cha upasuaji, walimpitisha na machela nje, kando ya lile dirisha. Baba aliomba ruhusa ya kusogea, Yeremia akatazama huku na huku, akamruhusu. Baba akainama juu ya machela, wakanong'ona, yeye na Mkumbo, mpaka nesi akakohoa. Na safari hiyo mama hakutoka wodini siku tano, hata kuni nilikwenda mimi. Daktari alipokuja kufungua, mikono yangu niliiweka nyuma kama mfungwa. Alikata bendeji. Akanusa. Akabonyeza kwa kidole. Kisha akasema neno moja kwa Kiingereza, na Yeremia akacheka kwa sauti, akasahau hata kutafsiri.

Tulirudi Kinyangiri mkono ukiwa umefungwa kwenye kibao. Kwa miezi mingi alilala nacho usiku, na Bibi alipotaka kukifungua kwa huruma baba alikaa mlangoni. Na asubuhi, siku ilipokuwa imefika kweli, ilikuwa samli. Nilisugua mimi. Baba alikaa kando yangu akinielekeza, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye fremu, isipokuwa sasa aliniambia, "Polepole. Huyu anasikia." Mkumbo aling'ata kanga. Wakati mwingine alinipiga kwa mkono wa kushoto. Mwaka ulipozunguka aliketi na wanaume akapeleka mkono wa kulia, na hakuna aliyesema neno, ila baba mdogo alimsogezea nyama.

Mkono haukunyooka wote. Pale palipooza paliacha kovu lililoukaza, ukabaki na mkunjo kidogo ambao hakuweza kuumaliza. Alikua nao hivyo, akawa seremala, akapiga randa nao maisha yake yote. Watu walipomuuliza alijibu, "Daktari aliunyoosha, baba akaupaka samli." Watu wakacheka. Baba, akiwa yupo, aliitikia, "Ndiyo, ni mimi huyo," na kuuliza habari za mvua. Mimi nilijitafutia kazi jikoni. Na kwa kuwa Mkumbo alikuwa mtu wa maneno machache kwa baba, niliamini miaka yote kwamba anamwekea kinyongo, na kwamba kinyongo kile ni changu.

Baba alikufa mzee, kitandani mwake. Siku ya kumaliza matanga, watu walipokwisha kunyolewa na kutawanyika, tulibaki uani sisi wawili, na nikaona kwamba marufuku imekwisha pamoja na aliyeiweka. Nikamwambia Mkumbo. Nilimwambia yote, sega, maji, kibuyu, vidole, mlango ambao sikuufungua. Nilisema nikitazama chini, kwa sababu kumtazama nisingeweza.

Aliniacha nimalize.

"Dada," alisema, "si nilipakwa mimi?"

Nikainua uso.

"Mikono ya baba ilikuwa na sugu. Vilivyonipaka vilikuwa vidole vidogo, na mwenye vidole alikuwa anavuta kamasi. Unadhani mtu anatiwa vidole kwenye kidonda akaendelea kulala? Nilifumba macho ili uone nimelala."

"Na siku zote ukasema ni baba!"

"Nilimwambia, siku ile kwenye machela, kwamba najua ni wewe. Akaniomba niseme ni yeye, na wewe usijue kamwe kwamba najua." Aliupapasa ule mkunjo wa mkono wake. "Alisema ukijua, utaogopa kunigusa tena. Na mimi nilihitaji mtu wa kunisugua kila asubuhi."